Mtoto Anasoma Kama Redio, Lakini Anaona Nini?

Leo nina maneno na najua wazazi wengine watanirushia mawe: mtoto kusoma haraka kwa sauti si ushahidi kwamba anajua kusoma. Kwa Kiswahili ndio kabisa.

Skiza kwanza. Kiswahili kinaandikwa vile kinatamkwa. Ukishashika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, unaweza kutamka karibu neno lolote, hata lile hujawahi kusikia. Mpe mtoi wa Gredi ya 3 neno "ukiritimba". Atalitamka fiti. Maana yake? Hana habari. Kwa Kiingereza tahajia inasumbua, kwa hivyo mtoto akipotea unamsikia akikwama. Kwa Kiswahili anaweza kuteleza ukurasa mzima kama matatu ya Thika Road usiku wa manane, mbio kabisa, na ndani hakuna abiria.

Nina binamu mdogo ambaye wageni wakija lazima aitwe asome. Anasoma, watu wanapiga makofi, soda inafunguliwa. Siku moja alinisomea aya nzima bila kosa. Nikafunga kitabu, nikamuuliza, "Umeona nini?" Akaniangalia vile unaangalia mtu ameuliza swali la kijinga. "Nimeona maneno."

Jibu lake ni la ukweli kabisa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kuna kitu kingine cha kuona.

Sisemi kasi ni mbaya. Kichwa kina nafasi ndogo ya kushika vitu kwa wakati mmoja. Mtoto akisoma "wa-li-po-ru-di" kwa kujikokota, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshapotea. Ndio maana mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia 2015, ulitumia vipimo vya maneno kwa dakika: 65 kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Usidhani 45 ni huruma. Neno letu hubeba mzigo mkubwa. "Hawatatusomea" ni neno moja, lakini ndani kuna nani, lini, kukataa, kitendo na wa kufanyiwa.

Kwa hivyo kipimo kina maana, na Tusome yenyewe iliwauliza watoto maswali ya ufahamu. Shida ni sisi huku nyumbani. Tulichukua kasi tukaacha hayo mengine.

Kusoma kwa ufasaha kuna miguu mitatu: usahihi, kasi na kiimbo, yaani ile sauti kupanda, kushuka na kupumua mahali panapofaa. Huu mguu wa tatu ndio tumeusahau, na hauji bila picha kichwani. Unataka ushahidi? Soma hizi mbili: "Alivuka barabara." "Amefanya kazi barabara." Herufi ni zilezile. Lakini uliza mtu wa Pwani. Kwa barabara ya magari mkazo uko kwa silabi ya tatu, kwa barabara ya sawasawa uko kwa silabi ya pili. Macho pekee hayawezi kukuambia usome ipi. Lazima uone kama kuna mtu anakwepa bodaboda ama kuna fundi amemaliza kazi safi.

Na hii si hadithi yangu tu. Mwaka wa 1976 mtafiti wa Marekani, Michael Pressley, alichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka minane. Wale waliofundishwa kutengeneza picha akilini wakisoma walikumbuka hadithi vizuri kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Kumbe kuona ni kitu mtoto anaweza kufunzwa, kama vile anafunzwa kufunga kamba za viatu.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu ya Gredi ya 4. Kabla ya hapo mtoto anajifunza kusoma. Kutoka hapo anasoma ili ajifunze. Chukua swali la hesabu: Mama Otieno alikuwa na maembe 24, akauza nusu asubuhi, jioni akaletewa mengine 6. Ana mangapi? Mtoto asiyeona kibanda cha Mama Otieno anaokota namba mbili zilizo karibu, anajumlisha, anaandika 30. Ticha anasema mtoto ni mbovu wa hesabu. Mzazi anatafuta tuisheni ya hesabu. Mazee, pesa inaenda na shida iko kwa kusoma! Aliyekiona kibanda ameona pia meza ikipungua hadi maembe 12, halafu ikaongezeka hadi 18.

Sasa tufanye nini? Kama una mdogo wako ama mpwa hapo kwa nyumba, dakika kumi zinatosha.

Anza na sentensi moja. "Mvua ilianza kunyesha, Amina akakimbia kuanua nguo." Simamisha hapo. Nguo ziko wapi? Juu ya ploti ama nje kwa ua? Za rangi gani? Amina amevaa viatu ama amesahau? Majibu hayako kitabuni, na hiyo ndio maana ya swali. Akishaona, mwambie arudie. Utasikia sauti imepata haraka ya mvua bila wewe kumfundisha kiimbo.

Halafu rudieni aya ileile mara tatu au nne. Sio adhabu. Mwaka wa 1979 S. Jay Samuels alieleza vile kurudia kifungu kifupi hujenga ufasaha. Mara ya kwanza mtoto anapigana na maneno, mara ya tatu kichwa kina nafasi ya picha.

Mpe pia picha ambazo hana. "Kaa alitambaa karibu na kaa la moto." Mtoto wa Likoni anamuona kaa wa baharini mara moja. Mtoto wa Kayole pengine anajua kaa la jiko tu, na sentensi inamchanganya. Si mjinga, hajawahi kumuona huyo mnyama. Una simu mkononi, mwonyeshe.

Na kuna watu ambao hawaoni picha akilini hata wakijaribu, na wanasoma vizuri tu. Kwa hivyo mtoto akisema haoni kitu, usimlazimishe. Achore, ama aigize akimbie kuanua nguo kwa kamba ya kujifanya. Tunachotafuta ni maana.

Usiniambie vitabu ni ghali. Ndiyo, ni ghali, lakini African Storybook iko na hadithi za Kiswahili za bure, unasoma kwa simu.

Najua pia kuna mtu atasema katuni zinatosha. Mimi natengeneza video, sina haya ya kusema ukweli kuhusu kazi yangu: video inakupa picha ikiwa imeshapikwa. Wewe unakula tu. Nyanya zetu walikuwa wanasema "Paukwa!" gizani, bila skrini, watoto wakijibu "Pakawa!", na kila mmoja alimuona fisi wake. Hatuhitaji kuagiza huu ustadi kutoka nje. Tuurudishe tu mezani, karibu na kitabu.

Kwa hivyo leo jioni, mtoto akimaliza kusoma, shika makofi yako kidogo. Muulize ameona nini. Akikwambia "maneno", kaeni chini muanze na Amina na nguo zake. Halafu uje uniambie nguo zilikuwa za rangi gani.