Mbwa Kali na Fasihi Yetu ya Getini

Maandishi ya Kiswahili kuhusu mbwa yanayosomwa na watu wengi kuliko yote yana maneno mawili tu. Yamepakwa rangi nyekundu kwenye mageti ya Nairobi, Nakuru, Arusha na Moshi: MBWA KALI. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angeyatia kalamu, maana mbwa huwa mkali, hawi kali, lakini sarufi tumwachie mwalimu. Ugomvi wangu ni wa maana. Bango lile linamwambia mpita njia jambo moja tu juu ya kiumbe aliyeko ndani, kwamba anauma. Na ukizitazama hadithi zetu na matusi yetu, utaona kuwa waandishi na wasomaji hatujasogea mbali kutoka pale getini.

Nasema hivi kwa kuwa nimechoka. Kila nikitamka mbele ya wapenzi wa fasihi kwamba kuishi na mbwa kunamwongezea mtu kitu maishani, hupokewa kwa kicheko, halafu yanafuata majibu matatu yaleyale. Ati hayo ni mambo ya wazungu. Ati ni mambo ya matajiri. Ati dini haitaki. Basi leo tuyachukue moja moja.

Kwanza niitetee lugha yenyewe, maana haikuwa hivi siku zote. Tunayo methali isemayo mbwa hafi maji akiona ufuko. Hebu ifikirie. Ili methali hiyo izaliwe, ilibidi mtu asimame kando ya maji amtazame mbwa akiogelea, aone jinsi anavyozidisha nguvu pale nchi kavu inapoonekana, kisha arudi nyumbani akamtumie mbwa huyo kumfundisha binadamu mwenzake kutokata tamaa. Ipo nyingine: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hii inajua kitu ambacho mabango ya getini hayajui, kwamba ukali wa mbwa una mwenyewe, na mwenyewe ni mtu. Wazee waliotunga methali hizi walikuwa wanamtazama mbwa. Sisi tumebakiza "mbwa wewe!" na "kufa kifo cha mbwa". Tusi halihitaji kumtazama mtu wala mnyama.

Sasa jibu la kwanza, la wazungu. Hili silidharau, kwa sababu lina historia. Aliyesoma A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967) anamkumbuka Karanja, kibarua wa Githima, akikabiliwa na mbwa mkubwa wa Daktari Lynd, jiwe mkononi, na jinsi bibi yule wa kizungu anavyomkasirikia yeye badala ya mbwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa. Mbwa yule ni serikali yenye miguu minne. Huko Afrika Kusini, J. M. Coetzee katika Disgrace (1999) naye anajua fika kwamba mbwa walifugwa ili wamtambue mtu mweusi kama adui. Bibi au babu yako akiwa aliwahi kufukuzwa na mbwa wa mlowezi, chuki yake ina sababu, na mimi si wa kumwambia aiache.

Lakini tusome mpaka mwisho, jamani. Wengi wetu tulikutana na Animal Farm ya George Orwell kupitia tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama. Wale mbwa tisa wanaomlinda Napoleon na kuwararua wapinzani wake walitoka wapi? Walikuwa watoto wachanga walionyang'anywa mama zao, wakafichwa, wakalelewa kwa kazi moja. Orwell anatuonyesha kiwanda cha mbwa mkali kilivyo: mtenge na wenzake, mfungie, mwelekeze wa kumuuma. Mlowezi alifanya hivyo. Na sisi tuliorithi mageti yake tukaendelea palepale alipoachia, tena kwa bidii.

Na hoja kwamba mbwa alishushwa melini pamoja na mlowezi haina miguu. Basenji, mbwa maarufu duniani kwa kutobweka, ametoka misitu ya Kongo, ambako watu walimfungia kengele ya mti wakaenda naye kuwinda kabla ya mzungu kumpa cheti cha ukoo. Neno msasi lilikuwapo katika Kiswahili, na mbwa wake pia, kabla hajatokea mlowezi wa kuuandikia geti lake bango. Tulichokipokea kutoka kwa ukoloni ni kibanda na mnyororo.

Jibu la pili: mbwa ni wa matajiri. Twende mtaa wa matajiri basi. Utamkuta German Shepherd aliyenunuliwa kwa fedha za ada ya shule, amefungiwa tangu alfajiri mpaka jioni ndani ya kibanda ambacho hata kugeuka ni kazi. Usiku anafunguliwa azunguke ua, asubuhi anarudishwa. Anayemjua vizuri ni mlinzi au mpishi anayempelekea ugali na mifupa. Mwenye mali, ukimuuliza mbwa wake anapenda kukunwa wapi, atakuangalia kama umerukwa na akili. Huyo bwana ana mbwa kama alivyo na king'ora na nyaya za umeme juu ya ukuta. Hajaishi naye hata siku moja.

Halafu shuka mjini usiku wa baridi, Julai, upite penye vibaraza vya maduka yaliyofungwa. Watoto wa mitaani wamelala wamejikunja ndani ya magunia, na katikati yao kuna mbwa koko mmoja au wawili. Mtoto amemkumbatia mbwa, mbwa ameweka kidevu juu ya ubavu wa mtoto. Wanagawana joto, na mchana watagawana makombo. Au nenda malishoni, uone kijana anavyokwenda na mbuzi wake na mbwa wake mwembamba mwenye mbavu za kuhesabika, wakiangalia upande mmoja. Hao ndio wanaoishi na mbwa katika nchi zetu, na ni watu wasio na kitu. Ukiniambia mapenzi ya mbwa ni anasa, nitakuuliza umeyatafuta wapi.

Jibu la tatu ni la dini, na hapa naomba tuzungumze kwa adabu. Najua kwamba kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani mwenye udhu anayekwenda msikitini ana haki ya kupita bila mbwa wa mtu kumrukia kanzu. Methali nayo inatuonya kuwa ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, na anayefuga hana budi kuijua mipaka hiyo. Lakini twaharah ni jambo moja na ukatili ni jambo lingine. Katika Surat al-Kahf, wale vijana walioikimbilia imani yao pangoni walikuwa na mbwa, naye ametajwa akiwa ameinyoosha miguu yake kizingitini, na wanapohesabiwa, naye anahesabiwa. Iko pia hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Sasa yule kijana anayempiga mbwa mawe barabarani, akiulizwa anajibu "si mbwa tu huyo", aniambie amesoma wapi.

Nimejibu yote matatu. Sasa niseme ninachodai, kisije kikapotea kwenye mabishano.

Nadai kwamba mbwa humpa mtu elimu ambayo vitabu vinajitahidi sana kuitoa na mara nyingi vinashindwa, elimu ya kumsikiliza asiyesema. Mbwa hana neno hata moja. Ana masikio, mkia, pumzi, uzito wa mwili anapokuegemea. Ukiishi naye unalazimika kujifunza kusoma vitu hivyo. Simba wangu (ndiyo, anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa mtaa mzima) ana njia tatu za kunyamaza. Anaponyamaza kwa kushiba hulala chali. Akinyamaza kwa woga wa radi hujibana nyuma ya mlango wa jikoni. Ya tatu ni pale anapoumwa, akaacha hata kuniangalia. Hakuna aliyenifundisha. Nimemsoma mwenyewe, siku baada ya siku, kama mtu anavyosoma lugha ngeni bila kamusi. Mwandishi anayeijua kazi hiyo hawezi kumwandika mhusika bubu, au mtoto mchanga, au mzee aliyepooza, kana kwamba ni samani ya nyumba.

Pia mbwa hunitoa ndani. Saa kumi na mbili asubuhi lazima twende, mvua au jua. Kwa sababu yake najua ni nani anayeanza kukaanga mandazi mapema, ni mti gani unachanua kabla ya mvua, ni jirani yupi amelazwa. Najua majina ya watoto ambao nisingezungumza nao kamwe, kwa kuwa wao humsalimu Simba kwanza, halafu wananikumbuka mimi.

Na lipo la kifo. Mbwa akibahatika huishi miaka kumi na kitu. Anayemchukua mtoto wa mbwa anajua, akiwa na akili timamu, kwamba pengine yeye ndiye atakayemzika. Katika Odisea ya Homer, Odysseus anarudi nyumbani baada ya miaka ishirini akiwa amejigeuza ombaomba. Watu wa nyumba yake hawamtambui. Anayemtambua bila kuambiwa wala kuonyeshwa alama ni Argos, mbwa wake, aliyezeeka na kutelekezwa juu ya lundo la samadi. Argos anatikisa mkia, hana nguvu za kusogea, na anakufa. Odysseus analificha chozi lake asigundulike. Watu huisoma sehemu hiyo kama sifa ya uaminifu wa mbwa. Mimi naisoma pia kama mashtaka. Mwenye nyumba alipoondoka, hakuna aliyeona kwamba mbwa yule ni wa kutunzwa. Ithaka nayo ilikuwa na mageti yake.

Najua kuna msomaji anayesema kimoyomoyo: na kichaa cha mbwa je? Swali la haki kabisa. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, wanaokufa kila mwaka ni makumi ya maelfu, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia. Lakini hapo ndipo inapoonekana tofauti ya kufuga na kuishi na mbwa. Inajulikana kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Kuwapiga risasi na kuwatilia sumu mbwa wa mitaani hakujaumaliza, maana nafasi zao huchukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa. Anayeishi na mbwa wake anaijua tarehe ya chanjo yake. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo bila kusubiri.

Kwa hiyo kwa mwenye mbwa naomba mambo machache: mfungue mchana, mtembeze kwa kamba ili jirani asiogope, mchanje, mpe jina na umwite kwa jina hilo. Kwa waandishi wenzangu nina ombi dogo zaidi. Safari ijayo mbwa atakapotokea katika hadithi yako, kabla hajamuuma mtu na kabla mhusika wako hajamwita mwenzake mbwa, tuambie anaitwa nani na ni nani aliyempa chakula jana.