MAJINA NYUMA YA PICHA

Twataka kusema nanyi juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo mbele ya watu wenye kazi nyingi, nalo ni picha za zamani za gari la moshi. Huenda mtu akatuuliza: Bukoba na Muleba zina habari gani na gari la moshi, na hali reli haijapata kufika kwetu? Jibu letu ni kwamba reli haikufika kwetu kwa njia ya chuma, bali ilifika kwa njia ya maji.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo meli za reli zikawa zinazunguka ziwa letu, na kahawa yetu ikapita Kisumu kwenda Mombasa. Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga na Rusinga yalikuwa majina yaliyojulikana sana katika ziwa. Meli za namna hiyo ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa, zikapandishwa reli vipande vipande, zikaunganishwa tena Kisumu. Mwezi wa Juni 1915 baadhi yake zilileta askari wa Kiingereza waliokuja kupigana na Wajeremani hapa Bukoba. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, nasi tukapata mlango wa pili. Hata Mv Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, na ambayo ilitengenezwa upya ikarudi safarini mwaka 2020, iliundwa Scotland ikaletwa Kisumu kwa njia ile ile.

Basi watu wa kwetu hawakuwa wageni wa reli. Wako waliokuwa makarani wa stesheni na wa magati, wako mabaharia, wako waliotia moto na waliopiga rangi. Nao walileta picha nyumbani. Tangu Kemondo hata Kamachumu, tangu Katerero hata Nshamba, hazikosekani nyumba zenye sanduku la bati ambamo chini ya nguo za sikukuu imelala picha ya kijana mwenye kaki na kofia, amesimama kando ya gurudumu linalomzidi kimo. Tafadhali igeuzeni picha hiyo mtazame nyuma yake. Mara nyingi hapana neno lililoandikwa.

Katika jambo hili Waingereza wana desturi tuwezayo kujifunza. Karani mmoja kijana wa reli ya Southern, jina lake Ian Allan, alikuwa na kazi ya kuwajibu watu waliouliza habari za injini. Mwaka 1942 alitoa kijitabu chenye namba na majina ya injini za reli hiyo, nacho kikapendwa mno. Baada yake vijana wengi walisimama kwenye stesheni na daftari mkononi, wakitia alama kila injini waliyoiona. Wengine walipiga picha, na nyuma ya kila picha wakaandika namba, mahali na tarehe. Injini za mvuke ziliondolewa katika kazi ya kawaida ya njia kuu za Uingereza mwezi wa Agosti 1968. Lakini hata leo wazee wa huko wakikutana juu ya picha moja huweza kusema ni injini gani, na ilipita wapi.

Viwanda navyo viliangalia kumbukumbu. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilikuwa na desturi ya kupiga picha injini mpya, nayo hupakwa rangi ya kijivu ili kila sehemu ionekane wazi. Kiwanda hicho ndicho kilichojenga, katika miaka ya 1955 na 1956, injini kubwa 34 za aina ya Garratt kwa Reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Namba 5918, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima wa kaskazini ya Tanzania, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Huko iko pia namba 3020 iitwayo Nyaturu, maana injini za jamii yake zilipewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki.

Hapo ndipo moyo wetu unapochoma. Namba ya injini twaijua, kiwanda chake twakijua, na mwaka wake twaujua. Jina la kabila limeandikwa ubavuni kwa herufi za shaba, lakini mtu wa kabila aliyesimama chini ya herufi hizo, mwenye kitambaa cha mafuta mkononi, ni nani? Mpiga picha alitaka injini, na mtu yule aliingia pichani kwa bahati tu.

Wengine watasema kwamba reli ile ilijengwa kwa faida ya watawala, basi ya nini kuitunzia kumbukumbu? Ni kweli ilijengwa kwa faida yao. Lakini kazi ilikuwa ya watu wetu, na tusipoandika majina yao tutakuwa tumewaachia watawala hata jasho lile. Tena tusidhani kwamba kuandika majina ni mchezo wa watu wenye nafasi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka kwetu, na mamia ya watu wakafa. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo, na hata leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa namna mbalimbali. Katika mkoa huu hapana asiyejua uchungu wa jina lisiloandikwa.

Tangu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, vyama vya namna hii vimekuwa vya watu wa kalamu. Kwa hiyo twaomba kila tawi lifungue daftari moja la picha. Kila mwanachama akienda kwao likizo aketi na wazee, awaoneshe picha moja moja, aulize: huyu ni nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, alifanya kazi gani, wapi, mwaka gani? Aandike pia jina la aliyemwambia. Palipo na shaka aandike kwamba pana shaka, wala asibuni. Nyuma ya picha atumie penseli laini, aandike polepole pembeni, asikandamize mahali penye nyuso. Wala asiibandike picha kwa gundi. Picha yenyewe irudi kwa mwenyewe, daftari libaki tawini.

Waswahili wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Waliofanya kazi katika siku za injini za mvuke wamebaki wachache, na kila mwaka twawazika. Twatumaini kuona daftari la kwanza la Bukoba na la Muleba mezani katika mkutano mkuu ujao.