Daraja la Rusumo na Madeni ya Arusha

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka nchi hiyo na kuingia wilayani Ngara, Tanzania. Lilikuwa daraja jembamba juu ya mto Kagera, mto uliokuwa ukiteremsha maiti hadi Ziwa Victoria. Leo papo hapo pana daraja la njia mbili lililojengwa kwa msaada wa Japani, na kila upande una kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam hasimami upande wa Tanzania. Anavuka, na ng'ambo anawakuta maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili chini ya paa moja: dirisha hili anagongewa muhuri wa kutoka, dirisha linalofuata wa kuingia. Jirani na hapo, kwenye maporomoko, Tanzania, Rwanda na Burundi zina mtambo wa umeme wa megawati 80 wa ubia, uliojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoona kila msaada wa nje ni mtego. Fedha zile zimeacha kitu kinachoshikika, na wananchi wa mpakani ndio wa kwanza kunufaika nacho.

Lakini daraja halijifungui lenyewe. Februari 2019 mpaka wa Katuna, baina ya Uganda na Rwanda, ulifungwa kwa ugomvi wa kisiasa, na haukufunguliwa hadi Januari 2022. Barabara ilikuwapo, ofisi zilikuwapo, mkataba wa soko la pamoja ulikuwa unatumika tangu 2010. Wachuuzi waliozoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni walipoteza riziki kwa karibu miaka mitatu, na hakuna mfadhili aliyeweza kuwarudishia. Januari 2024 Burundi nayo ikafunga mpaka wake na Rwanda.

La Kongo linaniuma zaidi. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Novemba mwaka huo jeshi la kikanda likatumwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Desemba 2023 likaondoka. Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wakuu wa Jumuiya hiyo (EAC) na wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam mwezi uliofuata, ila mkataba wa amani baina ya Kongo na Rwanda, wanachama wa jumuiya moja, ulikuja kutiwa saini Washington mwezi Juni. Anayesimamisha risasi popote pale ashukuriwe. Hata hivyo, mgeni anayesuluhisha ugomvi wetu huja na hesabu zake, na madini ya Kongo yamo katika hesabu hizo.

Kwa nini Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, haina sauti? Jibu moja liko kwenye vitabu vya fedha. Mkataba wa 1999 wa kuanzisha Jumuiya ulipanga kila nchi ichangie kiasi sawa, na mwaka baada ya mwaka baadhi ya nchi hazilipi, au zinalipa nusu. Makao makuu yenyewe yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani. Hilo si aibu, jengo hujengwa mara moja. Aibu ni Bunge la Afrika Mashariki kuahirisha shughuli zake kwa kukosa fedha, na matumaini ya miradi kuwekwa kwa wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, tuliona jinsi matumaini hayo yanavyoweza kukatika kwa amri ya siku moja.

Makala za toleo hili zinajadili reli, umeme, forodha na ulinzi wa amani. Mimi nina ombi moja kwa wasomaji. Kila Juni mawaziri wa fedha wa nchi zetu kadhaa husoma bajeti, mara nyingi siku moja. Mwulizeni mbunge wenu kama mchango wa Jumuiya umo, ni kiasi gani, na kama wa mwaka jana ulilipwa.