Samatta alivuka mpaka akiwa na miaka 18. Na mwanao je?

Msikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, kila tukitangaza habari za Mbwana Samatta, swali linalorudi ni moja: mtoto wangu naye anafunga, afanyeje afike huko? Tuanze na njia aliyopita mwenyewe.

Samatta alizaliwa Desemba 1992, akakulia Mbagala, Dar es Salaam. Alichezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Congo katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Alikaa Lubumbashi zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuipata kabla yake.

Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa. Novemba 2019 akaifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza.

Angalia ule umri wa miaka 18. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya umri huo kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira.

Sisi tunaishi mpakani. Rusumo ni Rwanda, Kabanga ni Burundi. Mtu akija nyumbani kwako akasema atamvusha kijana wa miaka 15 akacheze nje, na anataka hela ya pasipoti na "kufungua faili", usiuze ng'ombe. Klabu inayomtaka mchezaji kweli hugharamia safari yake. Wakala halali ana leseni ya FIFA. Mwombe jina kamili na leseni hiyo, kisha upeleke kwenye chama cha soka cha wilaya waulize TFF.

Kuna la kufanya leo. Mtoto acheze UMITASHUMTA au UMISSETA, na timu yake isajiliwe rasmi. Mchezaji anapouzwa nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Timu ya kata isiyo na usajili haitaona hata shilingi, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga mpira.

Tunza cheti cha kuzaliwa na kadi ya usajili. Samatta hakuruka hata ngazi moja, na aliyekuahidi kumrusha mwanao anataka hela yako.