Kifaa Hakifi Siku Kiwanda Kinapofungwa

Wazee husema ya kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Maana yake ni wazi: jambo jipya humvutia mtu hata likiwa na madhara ndani yake. Lakini kitu cha zamani nacho kina mvuto wake, na mara nyingi mvuto huo huanza siku ile kitu kinapokuwa hakipatikani tena. Mtu aliyepita mbele ya duka miaka mingi bila kuitazama taa iliyotundikwa mlangoni, huanza kuitamani siku anapoambiwa na mwenye duka ya kwamba taa za namna ile hazitengenezwi tena.

Wako wanaowacheka watu wa namna hiyo, wakisema ya kwamba ni ukaidi wa wazee na kuogopa maendeleo. Wako pia wanaowasifu mno, hata wakadai ya kwamba kila cha zamani kilikuwa chema na kila cha leo ni takataka. Yafaa pande zote mbili zipimwe, kwa sababu jambo lenyewe si la mzaha. Mkulima anayenunua pampu ya maji na karani anayenunua mashine ya ofisi wote hulipa fedha za jasho, na wote hutaka kujua kitu hicho kitaishi miaka mingapi. Habari za vitu vilivyoachwa kutengenezwa zina mafundisho mengi juu ya swali hilo.

Mfano ulio karibu na makarani ni mashine ya taipu. Christopher Sholes na wenzake waliibuni katika mji wa Milwaukee, Marekani, wakapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1868. Mwaka 1873 kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa kutengeneza bunduki, ilikubali kuiunda, na mwaka 1874 ikaanza kuuzwa. Mashine za kwanza ziliandika herufi kubwa tu. Herufi ndogo zilikuja na mashine ya pili ya kampuni hiyo, mwaka 1878. Mpangilio wa herufi zake, unaoanza na Q, W, E, R, T na Y, ndio uonekanao leo kwenye simu ya mkononi. Kijana anayempelekea mwenzake ujumbe kwa simu hutumia kazi ya Sholes, ingawa hajapata kuigusa mashine ya taipu maishani mwake.

Katika Kenya mashine hiyo ilikuwa ngazi ya maisha. Kijana aliyejifunza kupiga taipu kwa vidole vyote bila kutazama mikono, kisha akafaulu mtihani wake, aliweza kutumaini kazi ya mshahara. Barua ya kuomba kazi, mkataba wa kukodi shamba, malalamiko juu ya mpaka, na taarifa ya mkutano wa chama cha ushirika, yote yalipita humo. Nje ya mahakama na ofisi za serikali walikaa wapiga taipu na meza zao ndogo, wakiwaandikia barua watu wasiokuwa na mashine. Karatasi za kaboni zilitiwa katikati ya karatasi nyeupe, na kwa pigo moja zikapatikana nakala tatu: moja ya kupelekwa, moja ya mwenye barua, na moja ya kutiwa katika jalada. Wako watu ambao hata leo wanazo sandukuni nakala za namna hiyo, wino wake wa buluu umefifia, nazo ndizo ushahidi wao ya kwamba baba yao alilipia shamba lake.

Kompyuta zilipoenea, viwanda vya mashine za taipu vilifungwa kimoja baada ya kingine. Kampuni ya Godrej & Boyce ya India, iliyoanza kuzitengeneza mwaka 1955, iliacha kazi hiyo mwaka 2009. Habari hizo zilipoenea mwaka 2011, magazeti mengi yaliandika ya kwamba kiwanda cha mwisho duniani kimefungwa. Haikuwa kweli kabisa, maana mashine za umeme zilikuwa zikiendelea kutengenezwa mahali pengine. Lakini huzuni iliyoonyeshwa na watu wengi ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Novemba 2012 kiwanda cha Brother katika mji wa Wrexham, Wales, kilitoa mashine yake ya mwisho, nayo ikapewa Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Mashine hizo zikawa vitu vya kutafutwa. Mwandishi wa vitabu wa Marekani, Cormac McCarthy, alitumia mashine moja ndogo ya Olivetti kwa zaidi ya miaka arobaini. Aliinunua kwa dola 50. Mwezi wa Desemba 2009 iliuzwa mnadani mjini New York kwa dola 254,500. Rafiki yake akamtafutia nyingine ya namna ileile kwa bei isiyofika dola 20, na McCarthy akaendelea na kazi yake. Mashine hizo mbili zilikuwa sawa kwa chuma na kwa herufi. Ya kwanza ilinunuliwa kwa ajili ya sifa ya mwenyewe, na ya pili kwa ajili ya kazi. Mtu anayependa vitu vya kale yampasa ajue anatafuta kipi kati ya hivyo viwili, asije akalipa bei ya sifa akidhani ananunua kazi.

Lakini kwa nini mashine hiyo inapendwa hivyo? Kwanza, kazi yake huonekana kwa macho. Karani akibonyeza herufi, mkono mwembamba wa chuma huinuka, hupiga utepe wenye wino, na alama hubaki kwenye karatasi. Kitu kikikwama, huonekana kimekwama wapi. Pili, mashine za mkono hazihitaji umeme, kwa hiyo zilifanya kazi hata mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Tatu, ilimfundisha mtu uangalifu. Karani aliyekosea jina la mtu alilazimika kufuta nakala zote tatu, au kuanza ukurasa upya. Kwa sababu hiyo alizoea kusoma kwanza na kupiga baadaye.

Hata hivyo upendo usimpofushe mtu. Mashine hiyo ilikuwa nzito, yenye kelele, na iliyochosha vidole. Sentensi moja ikiongezwa katikati ya taarifa ndefu, kurasa zote zilizofuata zilipigwa upya. Hakuna karani mwenye busara atakayetaka ofisi nzima irudishwe huko. Kompyuta imewaondolea watu taabu ya kweli, na anayekataa hilo ameisahau taabu yenyewe.

Basi kiini cha jambo ni hiki. Mashine ya taipu haikufa India mwaka 2009, wala haikufa Wales mwaka 2012. Chuma kilichotunzwa vizuri huweza kudumu kuliko aliyekinunua. Mashine hufa siku ile anapostaafu au kufariki fundi wa mwisho wa mji, ajuaye kunyoosha mkono wa herufi uliopinda, na kutia mafuta mahali panapotakiwa bila kuchafua mahali pengine. Katika mji wenye fundi, mashine ya mwaka 1960 ni chombo cha kazi. Katika mji usio na fundi, mashine hiyohiyo ni pambo la rafuni. Chuma ni kilekile, lakini ujuzi umetoweka.

Ujuzi ukitoweka, kuurudisha ni kazi ngumu mno, na ushahidi wake uko katika habari za kamera za Polaroid, zile zilizotoa picha papo hapo mbele ya mwenye kupigwa. Mwezi wa Februari 2008 kampuni hiyo ilitangaza ya kwamba itaacha kutengeneza filamu zake. Watu wachache waliozipenda wakaungana, wakanunua mitambo ya kiwanda cha mwisho katika mji wa Enschede, Uholanzi, wakawaajiri wafanyakazi kumi waliokuwa wakifanya kazi humo. Mitambo ilikuwapo na jengo lilikuwapo, lakini baadhi ya dawa na vitu vilivyohitajiwa havikupatikana tena popote. Iliwabidi wabuni filamu nyingine karibu tangu mwanzo. Ilipotoka mwaka 2010, picha zake zilikuwa hafifu, zikiharibiwa upesi na mwanga, na ilichukua miaka kuzitengeneza zikawa nzuri. Hapana budi kujiuliza ingalikuwaje kama wale wafanyakazi kumi wasingalipatikana.

Pengine mkulima atauliza habari hizi za ofisi na picha zinamhusu nini. Zinamhusu sana, kwa sababu mfano mwema kuliko yote umetoka shambani. Trekta ndogo ya kijivu iitwayo Ferguson TE20 ilitengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 mpaka 1956, zikatoka zaidi ya 500,000. Harry Ferguson, aliyeibuni, hakutaka jembe likokotwe nyuma kama gogo. Alilifunga kwenye trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya haidroliki, hata trekta na jembe vikawa kama kitu kimoja. Kwa njia hiyo trekta nyepesi iliweza kulima ardhi ambayo kabla yake ilihitaji trekta nzito. Tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary, aliyepanda Mlima Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa trekta za namna hiyo, zilizofungwa minyororo mipana ya kupita juu ya theluji.

Kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 1956, lakini trekta hizo bado hutembea, na vipuri vyake bado huuzwa. Ziliundwa ili zifunguliwe kwa spana chache na mkulima mwenyewe. Vitabu vya maelezo yake vilihifadhiwa. Tena watu wanaozipenda waliunda vyama vya kufundishana namna ya kuzitengeneza. Na ile mikono mitatu ya Ferguson imekuwa kawaida ya matrekta duniani kote, hata yale yaliyotengenezwa na washindani wake. Hapo upendo wa kitu cha kale umefanya kazi yake, maana umeuweka ujuzi hai pamoja na chuma.

Vifaa vya siku hizi vina uwezo mkubwa kuliko vile vya zamani, lakini vingine vimefungwa kwa kufuli lisiloonekana. Mwezi wa Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, iliishtaki kampuni ya matrekta ya Deere, ikidai ya kwamba wakulima na mafundi wa nje wananyimwa programu kamili ya kutengenezea matrekta hayo. Kampuni ilikana madai hayo. Kuamua nani mwenye haki ni kazi ya mahakama. Lakini swali lenyewe ni la kila mkulima. Je, mtu aliyelipa fedha amenunua kitu, au amenunua ruhusa ya kukitumia mpaka kitakapoharibika?

Mashauri yatokanayo na habari hizi si mengi, wala hayahitaji fedha nyingi. Anayetaka kununua pampu, trekta, cherehani au mashine ya ofisi, asiulize bei peke yake. Aulize nani katika wilaya yake ajuaye kuitengeneza, vipuri vyake vinapatikana duka gani, na kama kina kitabu cha maelezo. Kifaa cha bei ndogo kisicho na fundi ni ghali kuliko cha bei kubwa chenye fundi, kwa maana kitanunuliwa mara mbili.

Anayemiliki kifaa cha zamani ambacho bado kinafanya kazi, asikitupe kwa sababu ya aibu tu, wala asikiabudu. Akitie mafuta, akifunike na vumbi, na akisikia ya kwamba hakitengenezwi tena, anunue mapema vipuri vile ambavyo huchakaa upesi. Akiba haiozi. Kitabu chake kisitumiwe kuwashia moto. Siku moja huenda kikawa na thamani kuliko kifaa chenyewe.

Shauri kubwa kuliko yote ni juu ya vijana. Katika kila mji yuko mzee mwenye kibanda chake, ajuaye siri za mashine ambazo vitabu havikuziandika zote. Mara nyingi hukaa peke yake, kwa sababu wazazi huona kazi yake ni ya zamani. Yafaa mzazi mwenye kijana mwepesi wa mikono ampeleke hapo, hata kama ni siku za likizo tu, akashike spana na kutazama. Anayejua kusikiliza kwa nini mashine ya zamani imekwama hatashindwa kujifunza mashine mpya, maana kutafuta chanzo cha ubovu ni elimu ileile.

Wazee walionya ya kwamba mtu asiache mbachao wake kwa msala upitao. Methali hiyo haimkatazi mtu kununua msala mpya. Yamwonya asiutupe mbacha kabla ya kujua kama msala utakaa. Viwanda vitaendelea kufungwa na vingine kufunguliwa, na hilo haliwezi kuzuiwa na mkulima wala karani. Lakini ujuzi wa mikono uko katika uwezo wao, nao haufungwi kwa tangazo la kampuni. Huisha pale tu anapokosekana mtu wa kuupokea.