Fundi Kampima, Daktari Kagonga Mhuri

Kibarazani na Bi Kidawa

Mjini hapa kuna biashara ya mihuri, na msimu wake ni Januari. Sisemi mihuri ya viwanja wala ya mirathi, hiyo ina wenyewe. Nasema ule unaogongwa kwenye fomu ya mtoto anayeanza darasa la kwanza, kuthibitisha kwamba amechunguzwa afya akaonekana mzima, ilhali aliyeugonga hamjui mtoto huyo hata kwa sura.

Jumanne nilikwenda zahanati na mjukuu wangu. Mama yake yuko kazini, babu yake yuko na goti lake linalouma, na shemeji alijitolea kutusindikiza nikamwambia asante, apumzike. Fomu ya shule ina pande mbili. Mbele wanataka jina, dini, simu ya mzazi, simu ya mzazi mwingine na simu ya jirani. Nyuma ni kwa daktari: macho, masikio, meno, koo, moyo, kifua, ngozi, damu, choo. Nikajiandaa kumaliza asubuhi nzima. Nikabeba uji kwenye chupa na kadi yake ya kliniki.

Kijana wa koti jeupe alitupokea kwa adabu. Shikamoo, mama. Marahaba. Akavuta fomu, kwenye mstari wa macho akaandika "Kawaida", kisha akashusha alama za vilevile mpaka kwenye choo. Akagonga mhuri. Elfu kumi. Wakati huo mjukuu wangu yuko nje kwenye benchi, mdomo mwekundu kwa ubuyu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtoto hujamwona."

"Usijali, mama. Shuleni hawasomi, wanaangalia mhuri tu."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba anasema kweli. Siku ya kuchukua fomu nilimwona baba mmoja akirudishwa nyumbani na karani kwa sababu picha ya mwanawe ina mandhari nyeupe, wao wanataka ya bluu. Kama mtoto anasikia au hasikii, karani hakuuliza.

Nyuma ya kijana ukutani ilikuwepo chati ya kupimia macho, ile ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Nusu imezibwa na kalenda. Chati hiyo kwa kawaida husomwa kutoka mita 6, na chumba chenyewe ukinyoosha miguu unamgusa daktari.

Kutoka hapo tukaenda kwa fundi cherehani kushona sare. Fundi alimpima mabega, kifua, kiuno na mikono, akamgeuza, akarudia mabega kwa kuwa moja lilimtia shaka. Akauliza kama anakula vizuri. Sweta nayo imo kwenye orodha. Sweta, Dar es Salaam! Hilo nimeshaliandika mpaka mhariri ameniomba nipumzike. Lakini iandikwe mahali: katika taratibu zote za shule hiyo, mtu pekee aliyemtazama mtoto huyu juu mpaka chini ni fundi.

Zamani mwalimu mkuu alikuambia upitishe mkono juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Ukiligusa, unaanza shule. Usipoligusa, rudi mwakani. Kilikuwa kipimo cha umri, tena cha kubahatisha, lakini alikutazama.

Siku hizi mama anahudhuria kliniki kwa bidii mpaka sindano ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kadi inaingia kabatini chini ya vitenge. Tunaambiwa tuendelee kumpima uzito mpaka afike miaka mitano, nani anaendelea? Kwa hiyo wengi wanakuja kuonekana tena na mtaalamu siku ya fomu, na siku ya fomu wanaachwa kwenye benchi.

Miaka hiyo ya kati ndiyo inayopoteza macho. Jicho moja la mtoto likiwa dhaifu, ubongo unazoea kulitumia lile zima na kulipuuza jingine. Mtoto halalamiki, maana hajui wenzake wanaonaje. Mara nyingi tiba yake ni miwani na kuliziba jicho zima kwa muda kila siku ili hilo vivu lishurutike kufanya kazi. Inashika vizuri kabla ya miaka saba au minane. Ukichelewa, kazi inakuwa kubwa na matumaini madogo.

Alhamisi nikampeleka mjukuu wangu kituo cha afya cha serikali. Muuguzi akapima mita 6 kwenye korido kwa futi ya kamba, akabandika chati, akamwambia azibe jicho moja aonyeshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Mtoto asiyejua kusoma anaweza. Macho mazima. Akaangalia masikio: la kulia limejaa nta. Akafungua mdomo: gego moja limeoza. Uji wenyewe haujapoa. Fomu yetu inasema kote ni kawaida.

Japani mtoto anaanza shule Aprili, na halmashauri humpima miezi kadhaa kabla, kwa kawaida kufikia Novemba, ili penye kasoro patibiwe mapema. Sisi tunagonga mhuri wiki ya kufungua shule, halafu tunashangaa.

Msimamo wangu ni huu. Ama muuguzi apelekwe shuleni na chati yake, kurunzi na kamba ya kupimia, ama ule upande wa nyuma wa fomu ufutwe, waache kuuza wino. Maana ifikapo Machi mwalimu atamwinua mtoto aliyenakili vibaya ubaoni, na mwingine aliyeitwa mara tatu asiitike, na watachapwa kwa uvivu na kiburi. Naomba viboko hivyo vianzie kwa mwenye mhuri.