Sindano ya Siku ya Kwanza

Na Yusufu Bakari

Mwezi wa Januari mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza, naye mkuu wa Shirika la Afya Duniani yu kando yake, kwamba maradhi ya Marburg yameingia Biharamulo, ulimwengu ulilijua jina la wilaya yetu kwa ghafla. Na hata yalipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Sisi wa Bisibo, katika wilaya hiyo, tuliacha kupeana mikono hata misibani.

Hofu ile ilikuwa ya haki. Ninalostaajabia ni kuwa yako maradhi mengine, makongwe kuliko hayo, yakaayo nasi miaka nenda miaka rudi pasipo kupigiwa mbiu: homa ya ini aina ya B, ambayo pamoja na ile ya aina ya C iliua watu wapatao milioni 1.3 duniani katika mwaka 2022. Huingia bila hodi, ikatulia ndani ya ini miaka ishirini au thelathini, mwenyewe akilima, akioa na kuzaa, mpaka siku macho yageukapo manjano na tumbo kujaa maji, na jamaa waanze kunong'ona kuwa karogwa. Jirani yangu alikwenda hivyo. Mkewe alikuwa akimlegezea mshipi tundu baada ya tundu, na miguu yake imekonda kama ya mtoto; fedha ya ng'ombe wawili ilikwisha kwa waganga kabla damu yake haijapimwa.

Na asili ya shari hii, aghalabu, ni utotoni. Katika watoto kumi wanaoambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa, tisa hubaki na kirusi cha homa hiyo mwilini, ilhali watu wazima wengi hukishinda. Chanjo tunayo tangu mwaka 2002, nasi twashukuru. Lakini katika ratiba tuliyoizoea huanza mtoto atimizapo wiki sita, wakati adui aliyetoka kwa mama amekwisha kupata makao. Shirika la Afya Duniani hushauri sindano ya kwanza itolewe ndani ya saa 24, na barani Afrika wanaoipata hawafiki hata mmoja katika watano.

Mama mjamzito hutobolewa kidole kliniki apimwe UKIMWI na kaswende. Damu hiyohiyo yatosha kuipima na homa ya ini, na dawa ya tenofovir, ambayo wengi wanaoishi na UKIMWI huimeza kila siku, ndiyo ikizuiayo kirusi hiki pia. Mtoto naye hupewa mapema chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio mdomoni. Kisanduku cha baridi kiko wazi, muuguzi amenawa mikono, mama yu macho akimtazama mwanawe: hapo hapo, kabla kifuniko hakijarudishwa, ndipo ninapowaomba wakubwa wetu wa afya waweke sindano moja zaidi, ya pajani.